Goli Nililompa Pankrasi

Niliripoti chuo cha ualimu nikiwa na barua ya kufundisha Historia, nikapewa filimbi. Mkuu wa Chuo wa wakati huo, Msukuma mrefu aliyeongea taratibu hata akiwa amekasirika, aliisoma barua yangu mpaka mwisho, akaikunja, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mwalimu Desideri, umewahi kucheza mpira?"

"Hapana, Mkuu. Shuleni nilikuwa kwaya."

"Safi. Basi pumzi unayo." Akafungua droo, akatoa filimbi. "Mkufunzi wa michezo amehamishwa. Kuanzia jioni ya leo timu ni yako."

Sikuthubutu kubisha. Jioni nikaenda uwanjani na suruali yangu ya kitambaa na shati la mikono mirefu, nikakuta vijana wamejipanga wananisubiri. Nikapuliza. Wote wakasimama wananitazama. Kapteni akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hiyo ni ya kuanza au ya kumaliza?" Jamani, sikujua! Nikawaambia wazunguke uwanja, wakazunguka mpaka giza likaingia, kwa sababu sikujua pia namna ya kuwasimamisha. Nilirudi nyumbani na aibu, nikadhani hakuna aibu nyingine kubwa kama hiyo itakayonipata kwenye kazi hii.

Sasa nimestaafu, nakaa Kawajense, na watu wa Mpanda wananiita baba wa mpira wa chuo. Jina hilo lilikuwa linanipendeza sana, sitaki kudanganya. Nilikuwa nikipita sokoni wakaliita, najifanya sijasikia ili waliite tena. Siku hizi nikilisikia natazama chini, kwa sababu ya mambo yaliyotokea kwenye sherehe ya chuo na kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Shija. Nitafika huko. Lakini kwanza lazima nyie vijana mjue kazi ilivyokuwa ikifanyika, maana bila hivyo hamtaelewa kilichompata Shija mikononi mwangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Afisa Michezo wa Mkoa, enzi hizo bado tuko mkoa wa Rukwa na Katavi haijawa mkoa. Mtu mnene, mcheshi, alikuja kutukagua akanikuta nawafundisha vijana kupiga danadana. Akanivuta pembeni.

"Mwalimu, usiwafundishe kupiga mpira. Hilo wamelijua tangu wanatambaa. Wafundishe kusimama."

"Kusimama wapi, Afisa?"

"Hapo sasa ndipo mshahara wako unapotoka."

Akachukua kijiti akanichorea kwenye vumbi. Akanionyesha mtego wa kuotea, yaani mabeki wanapanda wote kwa pamoja ili mshambuliaji wa wenzao abaki nyuma yao peke yake na mshika kibendera aone. Akanionyesha kiungo mkabaji, yule anayekaa mbele ya mabeki na kazi yake ni kuharibu, watu hawamshangilii lakini asipokuwepo nyumba inavuja. Nilijifunza kwa kuandika na kufuta chini pale kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidogo kidogo nikaanza kuuona mchezo. Mchakamchaka wa alfajiri niliupenda kwa sababu una nyimbo, na hapo ndipo kwaya yangu ilipofaa.

Sasa sikilizeni habari ya viatu. Nyie mnaovaa njumu za rangi ya machungwa na mnabadilisha kila msimu, sisi chuo kizima kilikuwa na njumu za kuwatosha wachezaji wa uwanjani tu. Wa akiba hakuwa na kiatu. Mtu akiumia, anakaa chini pale kwenye mstari, anafungua kamba, anavua, anayeingia anavaa zile zile zikiwa bado zina joto. Kwa hiyo sikuwa napanga wachezaji wa akiba kwa namba wanazocheza tu. Nilikuwa napanga kwa mguu. Mwanzo wa kila mwaka wa masomo niliwapanga vijana kwenye veranda ya bweni, kila mmoja anakanyaga sakafu, nachora unyayo wake kwa chaki, halafu natafuta wanaolingana. Wageni waliotukuta tukifanya hivyo walidhani tunapima watu kwa ajili ya majeneza.

Wawili waliolingana mguu tuliwaita mapacha wa kiatu. Aliyekuwa anaanza mechi ndiye pacha mkubwa, wa benchi ndiye pacha mdogo. Mdogo ndiye aliyezitunza njumu: anazifuta, anazipaka mawese ngozi isipasuke, anazihifadhi chini ya kitanda chake. Na desturi ilikuwa kwamba goli la pacha mdogo linahesabiwa kwa mkubwa, maana kiatu ni kimoja. Sikumbuki nani aliianzisha. Tulikuwa tunacheka nayo tu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kupata pacha kulikuwa heshima. Kulikuwa na vijana wenye kipaji kabisa waliokosa kucheza miaka yao yote pale kwa sababu tu miguu yao haikuwa na mwenzake.

Katika miaka yangu vikosi vilipita vingi, lakini viwili ndivyo vilivyozaa ubishi ambao mpaka leo haujaisha. Cha kwanza ni Kikosi cha Masika. Kapteni wake alikuwa Majaliwa, beki, sasa ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa mjini. Kikosi kile hakikufungwa na mtu, chuo wala timu ya mtaani. Kilipotakiwa kwenda Tabora kwenye mashindano ya vyuo ya kanda, mvua ikanyesha kama imetumwa. Reli ikakatika, barabara ikakatika. Vijana walishinda stesheni na mabegi yao wakisubiri treni isiyokuja, mpaka Mkuu wa Chuo akaja mwenyewe kuwarudisha. Walilia, na mimi nililia.

Cha pili ni Kikosi cha Treni. Hicho kilifungwa nyumbani mara kadhaa, tena vibaya, lakini mwaka wake reli ilikuwa nzima. Tulipanda behewa la daraja la tatu, tukaenda Tabora tukiimba njia nzima, tukarudi na kombe. Kapteni alikuwa Pankrasi, mshambuliaji, kijana wa hapa hapa Ilembo, na sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mguu wake ulikuwa mkubwa ajabu. Chuo kizima aliyelingana naye alikuwa mmoja tu, kijana wa Kisukuma kutoka Kasansa, mpole, mwenye mabega mapana, jina lake Shija.

Baada ya kombe lile nikahamishwa. Nikapelekwa shule ya sekondari upande wa Mpimbwe, ambako mkuu wa shule alinipokea kwa kusema, "Kombe lako umeliacha huko, hapa utafundisha Historia." Nikafundisha Historia, na ninakiri kuwa niliinenepesha kidogo kwa hadithi za mpira. Miaka ilipita, nikarudishwa chuoni chini ya Mkuu wa Chuo mwingine, mama mmoja mkali, msafi, asiyependa porojo. Alinikuta siku moja kwenye chumba cha wakufunzi nikisimulia ile fainali ya Tabora kwa mara sijui ya ngapi, watu wamenizunguka, chai imepoa.

"Mwalimu Desideri, hizo timu za marehemu utazizika lini ufundishe hizi zilizo hai?"

Nikacheka, watu wakacheka. Alikuwa sahihi yule mama, lakini mimi nilikuwa nimeshaonja utamu wa kusimulia. Nikaendelea na kazi, na nikaendelea kusimulia mpaka siku nilipotundika daluga, kama tunavyosema sisi watu wa mpira.

Ubishi wenyewe ulikuwa na makao yake kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko, halafu simu zilipokuja ukahamia na kwenye kundi la wasapu la waliosoma chuoni. Swali lilikuwa moja: kikosi kipi kilikuwa bora kuliko vyote tangu chuo kianze? Majaliwa alikuwa akisema timu ambayo haijafungwa huwezi kuiweka chini ya timu iliyofungwa nyumbani kwake na watoto wa kijijini Kakese. Pankrasi naye anajibu, "Hamkufungwa kwa sababu hamkutoka. Hata mimi sijawahi kupigwa na mtu ambaye hatujakutana." Kijiwe kinaangua kicheko. Majaliwa anamalizia, "Sisi tulizuiwa na Mungu, nyie mlibebwa na reli." Basi siku imeisha, kesho wanaanza upya. Na mimi nipo katikati, napewa kahawa ya bure na pande zote mbili, kila mmoja akitaka neno la baba wa mpira.

Neno hilo nikalihifadhi kwa ajili ya sherehe. Chuo kilikuwa kinakumbuka miaka yake tangu kifunguliwe, wakaalika waliosoma zamani kutoka kila pembe, na kwenye ratiba wakaweka kabisa: Mwalimu mstaafu atatoa kauli ya mwisho kuhusu kikosi bora. Nilivaa suti. Mke wangu alinifunga tai akaniambia, "Usiongee sana." Nilipofika ukumbini, watu walisimama kunisalimia, shikamoo za kulia na kushoto, nikavimba kichwa. Ndivyo nilivyoingia.

Nikapewa kipaza sauti. Nikaanza kwa kuwasifu Masika, maana sikutaka Majaliwa aondoke. Halafu nikasema, lakini mabingwa ni wale waliofika, na nikaingia Tabora. Hadithi ile naijua kwa moyo. Tuko sare, dakika zimekwisha kabisa, kona yetu. Mpira unapigwa, golikipa wao anautema, unapanda juu, na kabla haujatua Pankrasi anauchapa, unagonga mwamba kwa ndani, goli! Hapo ukumbi ulipiga makofi. Nikaendelea na kipande ambacho huwa kinawavunja watu mbavu: "Mimi nikaruka kwa furaha, nikamkumbatia Pankrasi, tukaanguka wote pale pembeni ya benchi, nikamkanyaga vidole mpaka akapiga yowe, maana alikuwa peku!"

Wakacheka kama kawaida. Kicheko kilipotulia, mama mmoja katikati ya ukumbi, kitenge cha bluu, akanyoosha mkono. Mshereheshaji, mkufunzi kijana mwenye utani mwingi, akampelekea kipaza sauti akidhani anataka kupongeza.

"Mwalimu, samahani," yule mama akasema. "Mimi mpira siujui. Nauliza tu. Huyo Pankrasi alifungaje goli akiwa peku, tena pembeni na wewe?"

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka kidogo, wakaanza kuangaliana. Miaka yote ile nimesimulia, kijiweni, darasani, kwenye misiba hata, na hakuna mtu aliyeuliza, wala mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Na pale pale ikanijia yote. Pankrasi aliteguka enka. Alikaa kwenye mstari akavua njumu huku refa anapiga kelele tuharakishe. Shija akazivaa, ya kushoto hakuwahi hata kuifunga, akakimbilia kwenye kona kamba zinaburuta. Pankrasi alikuwa amekaa na mimi, miguu mitupu, ananishika mkono. Aliyefunga ni Shija. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti na jasho linanitoka ndani ya suti.

Kabla sijafungua mdomo, mwanaume aliyekaa pembeni ya yule mama akasimama. Mabega mapana, mvi zimeanza. Sikuwa nimemtambua. Alikuwa amenipa mkono mlangoni, nikamwambia "karibu sana mzazi," nikapita.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Shija, wa Kasansa. Huyu ni mke wangu, mama Kabula, naomba mumsamehe. Mwalimu hajakosea. Mimi na Pankrasi tulikuwa mapacha wa kiatu, na kwa desturi yetu goli ni la mkubwa. Goli ni la Pankrasi."

Akakaa. Watu wakapumua. Na mimi, mtu mzima, mwalimu, baba wa mpira, mkononi nina kipaza sauti na kichwani nina ukweli wote, nikasema, "Asante sana Shija kwa kutukumbusha desturi zetu nzuri." Kisha nikatangaza kuwa Kikosi cha Treni ndicho bora kuliko vyote tangu chuo kianze. Makofi. Vigelegele. Nilimwona msichana mmoja kwenye viti vya wanachuo akisimama na kutoka nje, sikujali, nikadhani ameitwa.

Kesho yake Majaliwa akaja nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kubisha.

"Mwalimu, mimi nimeshindwa, sina neno," akasema kabla hata hajakaa. "Lakini yule Shija umemmaliza."

"Mbona mwenyewe alisema?"

"Alisema nini? Mwalimu, unajua yule mtu alikuja kufanya nini pale?"

Akanieleza. Shija amefundisha shule ya msingi Kasansa miaka yote hii, na wanawe walipokuwa wadogo aliwasimulia goli lake la Tabora. Watoto wakaenda nalo shuleni, wakakutana na mwalimu aliyesoma chuo kile kile, akawacheka: kila mtu anajua goli lile ni la Pankrasi, mwalimu wao wa michezo mwenyewe ndivyo anavyosema. Watoto wakarudi nyumbani kimya. Shija hakugombana na mtu, aliacha tu kulisimulia. Wavulana wakakua wakijua baba yao alitia chumvi. Binti yake, Kabula, yeye hakukubali. Sasa anasoma ualimu pale pale chuoni, na aliposikia kuwa Mwalimu Desideri mwenyewe atazungumza, aliwabembeleza wazazi wake waje. Alimwambia baba yake, "Mwalimu alikuwepo. Akikuona tu atasema." Ndiye aliyesimama akatoka nje.

"Ulimwona akitoka?" Majaliwa akaniuliza.

Nikamwambia nilimwona. Akachukua kofia yake akaondoka, na kahawa aliyoandaliwa hakuigusa.

Nilijaribu kurekebisha kwa njia rahisi. Nikarekodi sauti kwenye kundi la wasapu, nikaeleza yote: enka ya Pankrasi, kamba za kiatu, goli la Shija. Mnajua nilichojibiwa? Vikatuni vya kucheka. Mmoja akaandika, "Mwalimu wetu uzee umeingia, tumwombee." Mwingine akasema nimehongwa na watu wa Masika nimharibie Pankrasi sifa. Wakahamia kubishana kama goli lililofungwa kwa kiatu cha kuazima linaipunguzia timu hadhi au la. Jina la Shija halikutajwa tena. Nilichowalisha kwa miaka yote kilikuwa kimeshakuwa damu, na hata mimi mpishi sikuweza kukitoa.

Pankrasi akanipigia simu. Nilitegemea matusi, nikasikia sauti ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, Pankrasi. Ulikuwa na mimi."

"Unajua mimi ninaona kabisa, Mwalimu? Nikifumba macho naona mpira unashuka, nasikia mguu unaugusa. Nimewasimulia watoto shuleni mimi mwenyewe. Sasa nitawaambia nini?" Kumbukumbu ile ya mguuni niliiweka mimi, kwa kumsimulia kila tulipokutana. Alisema atampigia Shija, na baadaye nikasikia alimpigia kweli, na Shija alimjibu kuwa hakuna shida, akamuulizia enka.

Kustaafu kuna kitu kibaya ambacho hamtaambiwa kwenye semina za wastaafu. Ukiwa kazini, ukikosea, kesho kuna kipindi kingine, kuna mechi nyingine, unarekebisha. Ukistaafu unabaki na maneno tu, na watu wanayapokea kwa heshima bila kuyakagua, na wewe unaanza kujiona huwezi kukosea. Mimi nilijivunia kwamba naujua mguu wa kila kijana aliyepita mikononi mwangu. Kweli, mguu wa Shija niliujua, niliuchora kwa mkono wangu. Sura yake nilipishana nayo mlangoni. Nimekaa na jambo hilo barazani kwangu siku nyingi, na sijapata namna ya kulisema likawa dogo. Kama una kazi yako ya kusimulia, ya ualimu au ya nini, nakuomba uangalie ni nani amekaa kimya wakati wengine wanacheka.

Wakati wa likizo ya chuo nikapanda basi la asubuhi kwenda Kasansa. Mke wangu aliniuliza nakwenda kufanya nini wakati Shija mwenyewe amesamehe. Nikamwambia hajasamehe, amenisitiri, na hayo ni mambo mawili. Tulipita Sitalike, tukapita Kibaoni, na njia nzima nilikuwa napanga maneno mazuri, kama ilivyo tabia yangu. Nilipofika Kasansa sikuhitaji kuuliza sana, maana mwalimu Shija anajulikana na kila mtu.

Nikawakuta wanaanika mpunga uani. Mama Kabula aliniona wa kwanza, akanipokea mkoba, akanipa kiti, heshima zote, ila hakutabasamu. Shija alikuwa bondeni, akaenda kuitwa. Nikabaki na yule msichana, Kabula, na nyanya yake mzaa baba, bibi kizee aliyekaa kwenye mkeka akipepeta. Nikaona nianze na binti, nimalize yaliyo magumu.

"Mwanangu, nimekuja kukwambia kuwa baba yako hakukudanganya. Lile goli ni lake."

Kabula aliendelea kusambaza mpunga kwa mguu, hakunitazama.

"Hilo nilijua, Mwalimu," akasema. "Baba nimemsikia akisema uongo mara moja tu. Ni siku ile ukumbini, na aliusema kwa ajili yako."

Maneno yote niliyoyapanga kwenye basi yakanipotea. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia ukumbini, kuliko siku nyingine yoyote. Shija akaja, anafuta mikono kwenye suruali, anacheka, "Mwalimu! Karibu, karibu, mbona hukusema unakuja?" Wanawe wawili wa kiume wakaja nyuma yake, watu wazima wenye watoto. Majirani wawili watatu wakasogea, kama ilivyo kawaida mgeni akifika. Nikasimama. Shija akaona usoni kwangu, akajua.

"Mwalimu, hapana. Kaa tule kwanza."

Nikakataa kukaa. Nikawaambia wanawe kwamba tulikuwa sare, kwamba Pankrasi aliteguka enka akakaa na mimi miguu mitupu, kwamba baba yao aliingia na kiatu kimoja hakijafungwa. Nilikuwa naongea kama mtu anayejibu kesi. Nikafika kwenye goli, nikalisema ni la nani. Halafu nikasema kuwa nililijua hilo nikiwa nimesimama mbele ya ukumbi mzima, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka kuendelea kupigiwa makofi. Mmoja wa wale vijana alimtazama baba yake, akatazama chini. Shija alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi, Mwalimu," akasema polepole. "Inatosha."

"Haitoshi," mama Kabula akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Akamwonyesha kwa kidevu yule bibi kwenye mkeka, aliyekuwa ameacha kupepeta na kutuangalia mmoja mmoja, akitafuta kujua kuna nini. "Mama yake masikio ni mazito. Hajasikia hata neno moja. Rudia, Mwalimu, sema kwa sauti."

Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, nikarudia.